Ngozi ya Jirani

Jumanne, 4 Machi

Muuguzi wa kliniki ameniambia niandike kila siku: mtoto amekohoa au hakukohoa, pua inatiririka au ni kavu, amekula au amegoma. Hakusema niandike na habari zangu, lakini daftari lina mistari mingi, na kikohozi cha mtoto kinatosha kwenye mstari mmoja. Nitajaza iliyobaki.

Mtoto ni Chiriku, miaka sita. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake, si kwa kuzaliwa. Mkono wake wa kulia, kidole cha kati na cha pete vimeungana tangu tumboni, kuanzia shinani mpaka kwenye kucha, kama watu wawili waliojifunika shuka moja. Mifupa ni ya watu wawili, kila kimoja na yake. Mara mbili tumepangiwa upasuaji na mara mbili tumerudishwa kwa sababu ya mafua, maana mtoto mwenye mafua hapewi nusu kaputi. Mara ya pili walikuwa wameshamvisha gauni. Sasa daktari anasema kidole cha kati kimeanza kupinda, kinataka kurefuka na mwenzake anakivuta. Tukichelewa tena, kitabaki hivyo hivyo.

Daktari mpasuaji ni kijana mwembamba anayezungumza na mkono wa mtoto badala ya kuzungumza na mimi. Alichora kwa kalamu, nyuma ya kiganja, kipande chenye umbo la pasi. Kipande hicho, alisema, hakikatwi kikatoka. Kinainuliwa, kinasogezwa chini, kinakuwa sakafu kati ya vidole viwili. Na kwenye vidole vyenyewe atakata kwa kwenda na kurudi kama meno ya msumeno, kwa sababu kovu lililonyooka hujikunja likavuta kidole. Zamani walikwenda kuchuna ngozi nyongani ili kuziba pengo. "Sisi hatuendi mbali," alisema. "Tutatumia ngozi ya jirani." Akafunika kalamu yake, akamwita mgonjwa mwingine.

Upasuaji ni tarehe kumi na nane. Mtoto hakukohoa.

Jumatano, 5 Machi

Hakukohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Hakukohoa. Nimekohoa mimi. Kazini mashine ya kukamua imeharibika, shuka za hoteli zinatufikia zikichuruzika, tunazikausha kwa pasi. Mvuke unaingia hadi kwenye mifupa. Shuka ninazopiga pasi, nikilazwa juu ya moja tu, nafikiri nitaamka mwezi wa sita.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, sikio lake moja halisikii vizuri na la pili linasikia linachotaka. Leo aliniuliza watamfanya nini mjukuu wake. Nilikuwa nimeinamia rundo la nguo, nikamwambia kama nilivyoambiwa, neno kwa neno. Akaelekeza kidevu ukutani.

"Ngozi ya *yule*?"

Nyuma ya ukuta wetu anaishi msusi. Anasuka barazani kwake kuanzia asubuhi mpaka giza liingie, na mdomo wake unasuka pamoja na vidole. Tangu mvua za mwaka jana hatusalimiani. Maji ya paa letu yalimwagikia uani kwake, yakalowesha nywele zake za kusukia, mafungu kwa mafungu, akamwita mume wangu fundi wa matope mbele ya wateja. Nami sikubaki nyuma, nilimjibu yote aliyostahili na mengine kidogo. Tangu siku hiyo si jirani tena, ni yule wa ukutani. Na jambo jingine: ni kwenye baraza lake, sina shaka, watoto walikojifunza kumwita mwanangu Bata, kwa ajili ya vidole vyake.

Nikamweleza mama kwamba ngozi ya jirani maana yake ngozi ya hapo hapo karibu, mkononi mwa mtoto mwenyewe. Akasema haya. Ilikuwa haya ya mtu aliyekwisha kuamua. Akasema yeye hasemi kitu, ila kwa ngozi ya mwanamke yule mtoto ataota mdomo. Nikamwambia mdomo anao tayari. Nilikuwa na foronya za hoteli nzima zikiningoja, sikuwa na nguvu ya kuanza upya.

Baba Chiriku aliporudi na kusikia, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema watu wote duniani wanaimba umoja ni nguvu, ni sisi tu tunaopanga foleni hospitali kutafuta utengano. Mtoto hakukohoa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Baba Chiriku ni fundi wa mabati, basi huu ndio msimu wa kutomwona. Paa la kila mtu analijua isipokuwa lake. Juu ya kitanda cha mtoto panavuja, pale pale pa mwaka jana, tumetega beseni. Nilimwambia mganga hajigangi. Akasema Jumapili. Jumapili gani, hakusema.

Hakukohoa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nilipotoka asubuhi, yule wa ukutani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono imekunjwa, ananitazama kama mtu anayengoja kuitwa. Nilipita. Mlango wake ulifungwa kwa kishindo hadi kuku wa watu wakaruka. Mwaka mzima sasa na bado ana hasira za maji.

Mtoto kapiga chafya. Moja tu.

Ijumaa, 14 Machi

Hakukohoa. Nimemfungia ndani kama mwali. Ameongea kutwa.

Jumatatu, 17 Machi

Tumelazwa. Pua kavu. Muuguzi mkubwa wa wodi, ambaye kila jambo analimaliza kwa neno "polepole" hadi nimempa jina hilo, ameingiza kidole gumba chake chini ya kidevu cha Chiriku, akamtazama kooni, akasema safari hii tunaingia. Chiriku amemwuliza kama vidole vyake vikitenganishwa vitagombana.

Jumanne, 18 Machi

Walimchukua baada ya mvua ya asubuhi. Alikwenda anaongea. Mlango wa pili ulipofungwa bado nilimsikia, akimweleza mtu wa nusu kaputi kwamba yeye anajua kuhesabu mpaka kumi lakini kwa mkono huu anafika tisa. Kisha sikumsikia tena, na ukimya huo ndio ulionivunja. Sijawahi kumsikia mwanangu akikatika katikati ya neno.

Nilikaa kwenye benchi. Kina mama wengine walikuwa na tasbihi, wengine simu. Mimi mikono yangu haijui kukaa bure. Nilikunja khanga yangu, nikaikunjua, nikaikunja tena kwa kipimo cha foronya. Mume wangu alikuja viatu vimejaa tope, akakaa nusu ya saa bila mzaha hata mmoja, na hapo ndipo nilipojua anaogopa kuliko mimi.

Daktari alipotoka alikuwa na alama ya kofia kwenye paji la uso. Alisema vidole viwili sasa, kila kimoja na mishipa yake, rangi nzuri. Alisema kipande kimelala vizuri sakafuni pake. Halafu akasema mambo mengine akiyaelekeza kwenye mikono yangu, ambayo nayo ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza. Kazi ya kisu imekwisha, sasa ni kazi ya kukauka. Ngozi ile inaishi kwa damu ya kuazima mpaka ijue mahali pake. Ikifa, kovu litajaa pale katikati na kuvirudisha vidole pamoja, na mara ya pili ngozi ya karibu haitakuwepo tena.

Mtoto ameamka. Mkono ni bonge la bendeji na plasta mpaka kiwiko. Neno la kwanza ameuliza kama bata wanapasuliwa pia. Nimegeuza uso.

Ijumaa, 21 Machi

Tumerudi nyumbani. Masharti: mkono juu, mchana na usiku, na bendeji isiguswe na maji. Polepole amenishika bega akasema ikilowa, ngozi inaoza chini na wewe huoni, mama, kwa hiyo ikilowa usingoje, njoo. Nje ilikuwa inanyesha wakati anasema. Nilimfunga mtoto mkono kwa mfuko wa plastiki wa hotelini, ule wa kuwekea nguo chafu.

Jumamosi, 22 Machi

Kavu.

Jumapili, 23 Machi

Kavu. Hii ndiyo ilikuwa Jumapili. Alfajiri walikuja kumwita Baba Chiriku, paa la zahanati limeng'oka upande mmoja. Unamwambiaje mtu asiende kuziba zahanati. Amekwenda.

Jumanne, 25 Machi

Kavu. Mvua kutwa. Shuka za hoteli zinarudi zikinuka ukungu, wateja wanalalamika, bosi anatutazama sisi kana kwamba tumetia mvua kwenye ratiba.

Alhamisi, 27 Machi

Kavu. Nimechoka hadi nimesahau kuandika jana.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisogeza kitanda cha Chiriku mpaka ukuta wa pili, mbali na beseni. Nilipanga mito, mkono ukae juu, nikamwachia mama mkwe. Mtoto alikuwa amechoka kuongea, jambo ambalo lingenishtua kama nisingekuwa nimechelewa.

Mchana ikanyesha mvua ya kubomoa. Kazini hatukusikilizana kwa kelele za bati. Nilijua. Sijui nilijuaje, nilivua aproni nikaondoka bila kuaga, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu.

Beseni lilikuwa pale pale, halina hata tone. Paa lilikuwa limefungua tundu jipya, juu ya ukuta wa pili, juu ya mto niliouinua mimi mwenyewe, juu ya mkono. Mtoto amelala, mkono uko juu kama tulivyoagizwa, na maji yanaingia kwenye bendeji tone kwa tone, bendeji imevimba imekuwa rangi ya chai. Mama mkwe yuko kwenye kiti kando yake, kichwa kimeanguka kifuani, anakoroma.

Nilimpigia mama kelele. Nimekaa na mwanamke huyu tangu niolewe na sijawahi kumpandishia sauti. Nilimwambia kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia juu. Aliamka, akatazama dari, akatazama mkono, akavua kilemba chake akaanza kufuta maji sakafuni, na mimi nikaona kichwa chake cheupe na nikazidi kukasirika.

Barabara ya hospitali imekatika darajani. Wanasema mpaka asubuhi. Nimefungua tabaka la juu, nimeweka kavu juu ya mbichi. Najua haisaidii. Mtoto anasema hauumi. Ningependa aumie kidogo, nijue kuna uhai.

Jumapili, 30 Machi

Baba Chiriku alimbeba mgongoni akavuka naye. Polepole hakuwa zamuni lakini walimwita, akaja. Aliloweka bendeji, akaifungua, polepole kweli. Ilitoka harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo.

Niliviona kwa mara ya kwanza. Vidole viwili, vyembamba, vimejaa nyuzi kama mshono wa mtu anayejifunza. Na katikati, kwenye ile sakafu, ncha ya kipande ilikuwa nyeusi. Ukubwa wa punje ya haragwe. Polepole alisema tumsubiri daktari, na hakumalizia na neno lake.

Njiani kurudi Chiriku aliniambia nisimgombeze bibi. Bibi halali usiku, alisema, anashika mkono wangu juu ili usianguke, nikiamka namkuta ameshika. Niliendelea kutembea.

Jumanne, 1 Aprili

Kliniki. Daktari alitazama ile nyeusi kwa muda mrefu, akaibonyeza pembeni kwa kijiti, akatazama damu inavyorudi. Nilimwuliza kama imekufa. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa mekundu, amekesha.

"Sijui, mama," alisema. "Ningesema uongo. Ncha imelala. Huenda ni ncha tu, huenda ni yote. Wiki moja itatuambia, kama itakaa kavu."

Tangu nianze kuzunguka na mkono huu hospitalini, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia hajui. Nilimpenda kidogo. Nikamwomba kitanda wodini, mahali pakavu. Akaniongoza mpaka mlangoni, nikaona watoto wamelala wawili wawili, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Hakukuwa na haja ya kunieleza.

Nyumbani sina hata kona moja ninayoiamini. Baba Chiriku amepanda juu na turubai, upepo umelichukua turubai.

Jumatano, 2 Aprili

Jioni ilibishwa hodi. Alikuwa yule wa ukutani, na mwavuli, ijapokuwa kutoka kwake hadi kwetu ni hatua za kuku. Amevaa gauni safi. Alikaa bila kukaribishwa, akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akauweka mkono wake mezani kwangu, umepakwa mafuta unang'aa.

"Mama Chiriku, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Nimesikia ile ngozi mliyoweka imekufa."

Nilimtazama.

"Mliambiwa ya jirani. Tangu siku ile nakaa mlangoni nangoja hodi yenu. Bibi alikuja mwenyewe akakaa kwenye kigoda changu, akaniomba kwa heshima zote: siku ikifika usikatae, mtoto hana makosa. Nikamwambia sikatai. Nikangoja. Hamkuja. Nikasema hawa kwa hasira zao wamekwenda kuomba kwa wale wa upande wa pili. Sasa ona. Wale hata mafuta hawajipaki."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshughulika sana na fundo la khanga yake.

"Ugomvi wa maji ni wa maji," yule mwanamke akaendelea. "Jirani ni mimi. Nimeoga vizuri. Hapa, juu ya kiwiko, hapaonekani hata nikivaa mikono mifupi. Waambie wakate hapa."

Nilitaka kucheka, cheko lilikuwa limekwishafika kooni. Kilichotoka kilikuwa kilio. Nililia kama ambavyo sikulia kwenye benchi, wala darajani, wala mbele ya ile nyeusi, nimeushika ule mkono wenye mafuta na unaniteleza. Wiki tatu mwanamke huyu anaamka, anaoga, anajipaka, anasimama mlangoni angoje kukatwa. Na mimi nampita nikidhani amekasirika.

Nilipoweza kusema nilimweleza. Nilichora kwa kidole nyuma ya kiganja chake ile pasi, nikaishusha hadi kati ya vidole vyake viwili, vidole vya kusuka, virefu. Nikasema ya jirani maana yake hii, ya hapa hapa. Aliugeuza mkono wake, akautazama.

"Kwa hiyo mimi sitakiwi."

"Hutakiwi, jirani."

Neno hilo sikulipanga. Lilikuwa limekaa mwaka mzima bila kutumika na likatoka kama halijawahi kuondoka. Yeye naye alilisikia. Alishusha mkono wa gauni, akafunga kifungo, akasema basi kama ngozi haitakiwi, mtoto akalale kwake. Kwake hakuvuji. Paa lake analipiga lami mwenyewe kila mwaka kwa sababu ya kukaa karibu na fundi.

Chiriku alikwishaanza kukusanya mito yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Kavu. Anaongea kule, namsikia kupitia ukutani. Wamekutana wawili.

Nimemwomba mama radhi. Alijifanya sikio bovu ndilo lililokuwa upande wangu. Kisha akaniambia nikae, akanikanda mabega.

Ijumaa, 4 Aprili

Kavu. Nilitaka kujua, nikamwuliza Chiriku jina la Bata lilitoka kwa nani pale barazani. Akasema lilitoka kwake. Aliwaambia watoto yeye ni bata, kwa hiyo anajua kuogelea na wao hawajui. Walimwamini. Mwaka mzima nimemchukia mtu kwa majigambo ya mwanangu.

Jumapili, 6 Aprili

Kavu. Hii ndiyo Jumapili. Baba Chiriku alikuwa juu ya paa tangu kulipopambazuka, mvua inamnyeshea, ameng'oa bati zima akaweka jingine. Walikuja kumwita, akawajibu kutoka huko huko juu kwamba fundi amesafiri. Aliposhuka niliona mfereji ameugeuza. Maji yetu sasa yanaangukia uani kwetu. Jirani alitoka, akatazama mfereji, akarudi ndani.

Jumatatu, 7 Aprili

Kavu. Sikulala. Kazini nimeunguza foronya, sijaunguza kitu tangu niajiriwe.

Jumanne, 8 Aprili

Tulikwenda wote, na jirani. Alifunga baraza, akawaambia wateja warudi kesho. Mlangoni walimwuliza yeye ni nani wa mtoto, akasema ni jirani, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo, wakampisha.

Polepole alifungua. Ile nyeusi ilikuwa imekauka, imejikunja kingo kama ganda la kidonda cha goti. Daktari aliishika kwa kibano, akaivuta kidogo, ikatoka yenyewe. Chini yake palikuwa pekundu. Si pekundu pa kidonda kibaya. Pekundu pa fizi za mtoto mchanga. Alibonyeza, pakawa peupe, akaachia, damu ikarudi upesi.

"Imeshika," alisema. Kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Jirani aliinama, akatazama kwa makini. Akasema yeye asingeisuka hivyo, lakini itafaa.

Jumatano, 9 Aprili

Kavu. Nimelala.

Alhamisi, 24 Aprili

Bendeji imeondoka moja kwa moja. Vidole ni vyembamba, vimepauka, vina mistari ya msumeno pande zote, vinaonekana kama vya mtu mwingine aliyekuja kuishi nasi. Chiriku alivitazama bila neno, na Chiriku bila neno ni jambo la kuandikwa. Kisha akavitanua, kidogo, akaviinua dirishani.

"Mama, katikati kuna upepo."

Ijumaa, 25 Aprili

Mazoezi: kupaka mafuta, kukanda kovu, kutanua vidole, asubuhi, mchana na jioni, miezi. Anagoma. Anavitumia bado kama kimoja. Anashika kikombe vimebanana, analala vimebanana. Vidole vinasema tumezoeana.

Jumanne, 6 Mei

Amegoma. Nimegombeza. Amelia. Nimechoka na mkono huu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 10 Mei

Jirani amemchukua, akamkalisha barazani, akampa nywele za bandia zilizofungwa kwenye mguu wa kigoda. Mafungu matatu. Kusuka, kumbe, fungu moja lazima lipite kati ya kidole cha kati na cha pete, ndipo vingine viwe huru. Huwezi kudanganya, vikibanana nywele zinaanguka. Zilianguka asubuhi nzima. Chiriku alisonya kwa kila anguko kama mtu mzima, akaanza tena. Daktari tulipomweleza alicheka, akasema basi aendelee hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kidogo. Amesuka mkia mmoja wa kigoda.

Jumapili, 18 Mei

Amesuka khanga yangu, pazia, na nyuzi za fagio.

Ijumaa, 23 Mei

Leo jua limetoka kutwa. Shuka za hoteli zimekauka kwenye kamba, sikuzigusa kwa pasi mpaka saa nane. Zilikuwa na harufu ya shuka.

Nilipofika nyumbani jirani alikuwa amekaa chini barazani kwake, mgongo kwa Chiriku, na Chiriku amesimama juu ya kigoda kile kile anamsuka. Mikia minne, kila mmoja unakwenda upande wake, utosini pamebaki kichaka. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja zamu aliuliza kwa adabu kama huo ni mtindo mpya. Jirani akamwambia ndiyo, na foleni yake ni ndefu.

Yule mteja aliuona mkono. Akauliza kovu ni la nini, Chiriku akamweleza yote tangu mwanzo, hadithi ndefu, na bata wamo. Akatanua vidole, akaonyesha pale katikati, penye wekundu unaoanza kufifia.

"Na hapa," alisema, "ni ngozi ya jirani."

Yule mteja akamtazama jirani kwa heshima kubwa. Jirani hakukana. Alijishika mkono juu ya kiwiko, mahali pasipoonekana hata akivaa mikono mifupi, akapasugua taratibu kama mahali palipopona. Mama mkwe, ambaye tangu Machi anausimulia mtaa mzima hivyo hivyo, aliitikia kwa kichwa kutoka mlangoni kwetu.

Mtu pekee pale aliyekuwa bado anashikilia maana ya daktari ni mimi. Nilivua viatu nikakaa nao. Nilisema kweli, ni ya jirani, na nikauliza zamu yangu ya kusukwa ni baada ya nani.